Kusajili pikipiki ya zamani ya porini ukiwa Tanga: anza na namba za fremu, spana baadae

Kama umepata Yamaha DT, Honda XL, Suzuki TS au TF ya miaka ya 70 au 80 imelala kwenye banda la mtu huko Muheza, Maramba au Lushoto, kwanza hongera, hizo ni pikipiki za maana sana na ukiifufua itakupandisha milima ya Amani kwenye lile tope jekundu wakati wenzako wanasukuma. Ila kabla hujatoa hata mia ya pistoni, soma hii mpaka mwisho. Nimeona watu wengi wa hapa mjini wanafanya kinyume, wanaanza na injini, wanakuja kwenye rangi, wanabadili shokapu, wananunua tairi zenye meno makubwa, alafu ndo wanakumbuka kuuliza kadi iko wapi, na hapo wanakuta wana pikipiki nzuri kabisa inawaka kiki moja lakini haiwezi kuvuka Pongwe kwa amani. Makaratasi kwanza. Injini ya zamani inafufuka karibu kila mara, pesa tu, ila fremu isiyo na namba haina fundi wa kuitibu.

Tuanze kwenye kibati, mana hapo ndo watu wanachanganya mambo.

Kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, unaweza kukuta vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe cha fremu, mara nyingi upande wa kulia. Hiyo ndo chesisi namba yenyewe. Cha pili ni kibati cha aluminiamu au stika ya kiwanda, imeandikwa jina la kiwanda, modeli, pengine na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Cha tatu, kama pikipiki iliwahi kuishi nchi nyingine, ni kibati cha kuthibitisha kwamba ilikidhi viwango vya barabara vya nchi hiyo. Cha Australia ndo maarufu zaidi, kimegongwa kwa riveti na kinataja kanuni zao za usanifu wa magari, yaani ADR, pamoja na jina la mtengenezaji na tarehe. Kule pikipiki ya zamani ikikosa hicho kibati mwenyewe anahangaika kweli kuipeleka barabarani, ndo mana ukisoma maandishi ya Waaustralia kila mtu analia na kibati. Sheria yao mpya iliyoanza Julai 2021 imehamisha mambo kwenda kwenye daftari la mtandaoni kwa vyombo vipya, ila pikipiki za zamani bado zinasomwa kwa kibati chake.

Zilizouzwa Marekani zina stika yao kwenye shingo hapohapo, na hii isome vizuri. Kama imesema inakidhi viwango vya usalama vya nchi yao, basi ilitoka kiwandani na taa na kila kitu cha barabarani. Ikisema imetengenezwa kwa matumizi ya nje ya barabara peke yake, jua umepata pikipiki ya mashindano au ya porini tupu, na kazi ya umeme yote itakuwa ya kwako.

Sasa kwa sisi huku, kibati cha Australia au stika ya Marekani sio kitu kinachokupa namba ya usajili. Kinasaidia kuthibitisha mwaka na modeli, basi. Kinachokupa namba ni chesisi namba kwenye chuma ifanane herufi kwa herufi na karatasi uliyoshika. Kwahiyo kama kibati kimeanguka usilie, na tafadhali sana usinunue vile vibati vipya vinavyouzwa mtandaoni ukagonga namba yako mwenyewe ili pikipiki ionekane kamili. Mkaguzi akiona kibati kinang'aa kwenye fremu ya mwaka 1979 na riveti za juzi, atakachofikiria ni wizi, na utakuwa umeharibu pikipiki ambayo haikuwa na kosa lolote. Hicho cha zamani kilichopauka kiache hivyohivyo, na kama unapiga rangi fremu kizibe na utepe wa karatasi wenye gundi, usikitoe.

Kusoma namba

Hapa Tanga chumvi ya bahari inakula chuma vibaya, pikipiki iliyokaa Raskazone au Pangani miaka kumi unakuta shingo yote ni kutu na namba haionekani. Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia piga grainda. Usikubali. Grainda au msasa mkavu ukipita pale unakula kina cha namba, na namba iliyosagwa inaonekana kama namba iliyofutwa makusudi, hakuna atakayekuamini ukisema ulikuwa unasafisha.

Fanya hivi. Paka dizeli au mafuta ya taa kwenye lile eneo, acha ilale mpaka kesho. Asubuhi chukua mswaki wa zamani au brashi laini ya shaba, sio ya chuma, sugua taratibu kwa duara ukifuta na kitambaa, rudia tena na tena mpaka rangi ya chuma ianze kutokea. Alafu kausha kabisa, chukua chaki nyeupe uisugue juu ya namba, futa juujuu na kiganja, chaki inabaki ndani ya mashimo ya herufi na namba inatokea nyeupe. Mulika tochi kutoka pembeni, sio mbele, kivuli ndo kinaonyesha. Ukimaliza weka karatasi nyembamba juu yake na usugue na penseli iliyolala, utapata nakala ya namba kama ilivyo, na hiyo karatasi itunze mana utaihitaji dirishani. Piga na picha za simu, moja ya karibu na moja inayoonyesha shingo nzima ili ijulikane ni pikipiki hiyohiyo. Ukimaliza paka grisi nyepesi pale ili kutu isirudi.

Ufanye hivyohivyo kwenye injini. Namba ya injini iko imegongwa kwenye mwili wa injini chini ya silinda, upande unategemea kiwanda na modeli, na mara nyingi imefunikwa na oili iliyochanganyika na vumbi la mkonge na mchanga mpaka imekuwa kama lami.

Namba fupi isikushtue. Mpangilio wa herufi na tarakimu 17 tunaouzoea sasa ulilazimishwa Marekani kuanzia modeli za 1981, kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Yamaha nyingi za zamani zinaanza na msimbo wa modeli wa herufi na tarakimu tatu, mfano 1E6 au 2A8, alafu kistari alafu tarakimu, basi imeisha. Andika kama ilivyogongwa, usiongeze sifuri kujazia nafasi na usiruke kistari. Viwanda vingine vinaweka kinyota mwanzo na mwisho wa namba ili mtu asiongeze kitu, hivyo vinyota sio sehemu ya namba.

Kama ni ya herufi 17, tatu za mwanzo zinakwambia kiwanda: JH2 ni Honda ya Japani, JYA ni Yamaha, JS1 ni Suzuki, JKA ni Kawasaki. Kwa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani herufi ya 10 ni mwaka, B ni 1981, C ni 1982, inaendelea hivyo, ila I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye hizo namba za 17, kwahiyo ukiona duara ni sifuri. Zilizoenda masoko mengine mara nyingi nafasi ya 10 haikwambii mwaka, usilazimishe.

Hili lingine limewagombanisha watu bure. Kwenye Yamaha nyingi za miaka ya 70 namba ya injini na ya fremu zinafanana kabisa, kwahiyo zikitofautiana ni kweli injini imebadilishwa. Lakini Honda haziko hivyo. Fremu ya XL250 inaanza na XL250 na injini yake inaanza na XL250E, hiyo E ni ya injini, na tarakimu zinazofuata hazilazimiki kufanana. Mtu akikwambia XL yako ni ya kuunga kwasababu namba hazifanani, mwonyeshe kadi, kama kadi ina namba zote mbili kama zilivyo kwenye chuma, maneno yameisha.

Pikipiki imetoka wapi

Njia ya makaratasi inategemea hapa, na usimwamini muuzaji kwa maneno. Juzijuzi nilimsindikiza jamaa yangu Muheza kwa mzee mmoja bwana shamba mstaafu, ana XL125 imefunikwa na turubai nyuma ya nyumba, ni safi mpaka na kikapu chake cha pampu ya kupuliza dawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu, njooni muione, hii ilikuwa haizimiki."

"Babu, kabla hatujaiona, kadi yake ipo?"

"Kadi iko sandukuni kwa bibi yenu, nyie angalieni chombo kwanza."

"Hapana babu, tuanze na kadi kama hutojali."

Akaenda akaleta. Na kumbe ilikuwa na namba za DFP, yaani ya mradi wa wafadhili, aliuziwa mradi ulipoisha. Mkoa wetu umepita miradi mingi ya namna hiyo, ya misitu ya Usambara, ya ng'ombe wa maziwa, ya pwani, na pikipiki nyingi nzuri za porini zilizobaki huku zilikuja kwa njia hiyo. Shida yake ni kwamba pikipiki za mradi ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na ule msamaha ni wa mradi sio wa mtu. Ikienda kwa mtu binafsi kodi inatakiwa kulipwa. Kwahiyo uliza: kodi ililipwa? Karatasi ya malipo iko wapi? Barua ya mradi ya kuuza iko wapi? Kama hakuna, nenda TRA na namba ya chesisi kabla ya kununua, wakwambie inadaiwa nini, alafu bei ya mzee ipangwe kutokana na hilo. Kwa heshima, mzee wa watu hana kosa, aliuziwa hivyo.

Za serikali, zile zenye namba za ST au SM au za mashirika ya umma SU, zinatoka kwa mnada, na unachotakiwa kuwa nacho ni hati ya mnada na stakabadhi ya malipo zenye chesisi namba. Stakabadhi iliyoandikwa "pikipiki chakavu moja" bila namba itakutesa, rudi kwa waliouza wakuandikie barua inayotaja namba.

Ya mtu binafsi yenye kadi ndo rahisi. Ila angalia kadi ya lini. Pikipiki zamani zilisajiliwa kwa namba zinazoanza na T kama magari, baadae zikahamishiwa MC. Ukikuta yenye T au yenye namba za zamani zaidi ya hapo maana yake ililala kabla ya kubadilishwa, inabidi upeleke kadi ya asili ikaangaliwe kama bado iko kwenye mfumo. Mwenye kadi akiwa ameshafariki, anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, sio mtoto mkubwa tu kwa sababu funguo anazo yeye. Hapa wengi wanapuuza, alafu ndugu wa pili anajitokeza siku unabadili jina.

Iliyotoka nje kupitia bandari, iwe hapa Tanga au Dar, lazima iwe na TANSAD, yaani hati ya forodha ya kuingiza mzigo, na risiti za ushuru, na chombo kilichotumika kinakaguliwa na TBS, shirika la viwango. Umri wa pikipiki unaingia kwenye hesabu za ushuru, kwahiyo mpe wakala wa forodha mwaka na cc akupigie hesabu kabla hujamtumia muuzaji wa nje hela. Karatasi za kule ilikotoka zidai zote, ikitoka Uingereza ni V5C, yaani kadi yao ya usajili, Japani ni cheti cha kuuza nje. Zile za mashindano kama YZ, CR, KX na RM mara nyingi hazikuwahi kusajiliwa popote, hivyo dai hati ya mauzo yenye chesisi namba.

Na za kutoka Kenya, mana sisi na Horohoro ni majirani: kama haikupita forodha ikalipiwa, haisajiliki, hata kama muuzaji ana karatasi zote za Kenya na anaonekana mtu mwema. Iache.

Kwenda TRA

Ukishakuwa na hivyo vitu, safari yenyewe sio ngumu. Unahitaji TIN, kitambulisho cha NIDA, kadi ya asili, mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri na wakili, nakala za vitambulisho vya muuzaji na mnunuzi. Mkataba uandikwe chesisi namba na namba ya injini zote mbili, sio "pikipiki aina ya Yamaha rangi nyeupe". Kama muuzaji ni mtu mzima sana nenda naye siku hiyohiyo kwa wakili, mlipie nauli na chai, usimwache arudi kijijini na sahihi yake haijapatikana. Malipo yote ni kwa kontro namba, unalipa benki au kwa simu, ukiambiwa uache hela taslimu mkononi kwa mtu ili akuharakishie, kataa kwa upole.

Kadi ikiwa imepotea, anayetakiwa kutoa taarifa polisi ni aliyesajiliwa, apate ripoti ya upotevu na kiapo, alafu ndo aombe kadi nyingine kwa jina lake, kisha mbadilishane jina. Usiruke hatua ukadhani utaomba kadi mpya kwa jina lako moja kwa moja.

Kama namba ya injini haifanani na kadi, mkaguzi wa magari wa polisi anahitaji kuiona na injini uliyoweka iwe na asili yake, risiti au kadi ya pikipiki ilikotoka. Kwahiyo ukinunua injini kwa watu wa spea za kuchinja, hata pale Ngamiani, dai risiti yenye namba. Injini bila karatasi ni shida unajibebesha.

Na kama chesisi namba imefutwa, imegongwa juu ya nyingine, au kipande cha shingo kimechomelewa, hapo simama. Usigonge namba upya kwa fundi wa kuchomelea, hiyo ni jinai hata kama pikipiki ilikuwa ya babu yako mzazi. Usiinunue. Kama tayari ni yako, peleka suala polisi kama lilivyo na karatasi zote ulizonazo.

Iwe inafaa barabarani

Taa kubwa yenye mwanga wa juu na wa chini, taa ya nyuma, taa ya breki, honi, vioo, breki mbili zinazoshika, na sehemu ya kufunga namba inayoonekana. Ekzosi isiwe wazi. Pikipiki iliyotoka Ulaya bara au Marekani angalia glasi ya taa, imetengenezwa kwa watu wanaoendesha kulia, mwanga wa chini unapinda kwenda machoni kwa anayekuja mbele yako huku kwetu tunakoendesha kushoto. Badili glasi au taa nzima.

Umeme ndo kazi yenyewe. DT, TS na XL nyingi za zamani ni volti 6. Fundi akikuwekea globu ya bodaboda ya volti 12 itawaka nyekundu kama kaa la mkaa linalozimika, alafu atakwambia koili imekufa, wakati koili ni nzima. Tafuta globu na honi ya volti 6. Pia nyingi zinawasha taa kubwa moja kwa moja kutoka kwenye magneto, kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme, bila kupitia betri, kwahiyo injini ikiwa salensa, yaani inaunguruma bila kupewa mafuta, taa inafifia na ukiongeza mafuta inang'aa, hiyo ni kawaida, siku ya ukaguzi ongeza mafuta kidogo ndo taa iangaliwe. Taa ya breki na honi zenyewe zinategemea betri, betri ikiwa imekufa utafikiri swichi mbovu.

Zile za mashindano tupu magneto yake haina kabisa koili ya taa. Njia nzuri ni kutafuta sahani ya magneto yenye koili ya taa ya modeli ndugu, au kupeleka kwa fundi wa kusuka koili. Wengine wanafunga betri ndogo na taa za LED na kuichaji nyumbani, inapita kwa safari fupi za mchana lakini usiku barabara ya Pangani betri ikikata ghafla ni hatari ya kufa, mimi siwezi kumshauri mtu.

Ukipata namba chukua bima, angalau ile ya mtu wa tatu, hiyo ni lazima kisheria. Leseni ya udereva iwe na daraja A linaloendana na cc za pikipiki yako, mana wengi wana leseni ya gari na wanadhani inatosha. Kwa matumizi yako binafsi huhitaji kibali cha LATRA, hicho ni cha wanaobeba abiria kibiashara.

Siku unapokea kadi mpya usitoke pale dirishani kabla hujailinganisha na ile karatasi ya penseli, herufi kwa herufi. Herufi O imeandikwa sifuri, 1 imeandikwa I, kistari kimerukwa, vitu vidogo hivyo vinasahihishika palepale ila baada ya miaka mitano ukitaka kuuza vinakuwa kesi. Alafu toa nakala, ya asili iache nyumbani, na injini ikija kubadilishwa siku za mbele peleka taarifa mapema kabla mtu hajakusimamisha.